Siku Niliyoiruka Nyabitare

Vijana wangu, mimi nilitabiri mawimbi kwa zaidi ya miaka mitatu nikiwa Kigali. Chekeni tu. Hata marehemu mume wangu alicheka, akaniuliza mawimbi hayo yanapiga Nyabugogo au Kimironko. Mji wetu una vilima, una vumbi na una matope, lakini ufukwe hauna. Ziwa Kivu lilikuwa mbali, na kwa barabara za wakati ule ukitoka asubuhi ulifika umechoka. Hata hivyo kila siku, saa moja kamili ya asubuhi, nilikaa mbele ya foni, ile redio yetu ya kuitana na vituo vya mbali, nikawaambia watu wa ziwani maji yao yatakuwaje.

Mmeniomba nyinyi mnaoanza kazi ya hali ya hewa niwaandikie mambo ya zamani. Nimekubali, ingawa nimechelewesha daftari hili miezi minane nikisingizia macho. Macho yangu ni mazima. Kuna siku moja ambayo sikutaka kuifikia, na najua kwamba nikianza kuandika nitaifikia.

Nianze na Mzungu, maana yeye ndiye aliyetuletea mawimbi ofisini. Ilikuwa mwaka wa tisini, kabla ya vita. Tulimwita Musyé Pasikali, kijana wa mradi wa mabomba ya maji, mtu wa kuvaa kaptura mpaka mbele ya mkuu wa kituo. Aliingia siku moja akauliza Jumamosi mawimbi ya Rasi ya Nyabitare yatakuwa na kimo gani. Mkuu akadhani anataka kuvua samaki. Hapana, alitaka kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi hadi linapofia.

"Kwa kazi gani?" mkuu akamuuliza.

"Kwa raha," akasema.

Mkuu akanigeukia mimi, niliyekuwa mgeni kuliko wote pale. "Generoza, wewe si umezaliwa Bukavu? Basi umekulia ziwani. Huyu ni wako."

Nyabitare ni ulimi wa mawe unaoingia ziwani kutoka upande wetu. Upepo wa kusini ukivuma kwa saa kadhaa, unasukuma mawimbi kulifuata ziwa kwa urefu. Yakifika kwenye ule ulimi hayapiti moja kwa moja, yanapinda na kuizunguka rasi, yakivunjika jiwe baada ya jiwe kuelekea kwenye ghuba ndogo ilipo gati. Kwa Pasikali hiyo ilikuwa pepo. Kwa mwenye boti ilikuwa balaa, maana boti zinazotoka kusini huwa na wimbi nyuma yake njia nzima, na palepale zinapogeuka kuingia ghubani wimbi huzikuta ubavuni.

Jicho letu kule lilikuwa mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Modesti, ambaye kwa posho ndogo alitupimia mvua na joto na kutuita kwa foni saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana. Pasikali alimfundisha kupima mawimbi kwa mwili wake. Unasimama kwenye jiwe fulani ukingoni, unatazama wimbi linapopita mbele yako, unasema ni la kifundo, la goti, la kiuno au la kifua. Halafu unahesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mzee Gaspari, aliyenifundisha kazi, alidharau kipimo hicho kwa wiki nzima. Baadaye akauliza Modesti ana urefu gani, akaandika ukutani sentimita za goti lake, za kiuno chake na za kifua chake, na suala likaisha.

Pasikali aliteleza kwenye mawimbi yangu mara tatu. Mara ya tatu nilimwahidi kiuno na kiuno kikaja, akarudi Kigali ameshonwa kidevu, mwenye furaha kama bwana harusi. Alinibusu mashavu yote mawili mbele ya mkuu. Oktoba vita vilianza, Wazungu wengi wakaondoka, naye akaondoka. Ubao wake alimwachia Modesti, ambaye aliufanya benchi la darasa la pili.

Tungeacha kutabiri mawimbi siku ile, lakini watu wa maboti walikuwa wameshazoea. Kumbe muda wote tulipokuwa tukimsomea Mzungu, wao walisikiliza kwenye foni za magatini na kuandika kwa chaki kwenye mbao. Walikuwa watu wa pande zote mbili za ziwa, wa kwetu na wa Zaire, na lugha yao ya maji ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana taarifa ile ilisomwa kwa Kiswahili, na ndiyo maana niliisoma mimi.

Sasa sikilizeni jambo la kazi. Mwaka wangu wa kwanza, katikati ya kiangazi, nilikuta maji kwenye kipimamvua, nikaandika milimita kumi na mbili na kuzituma. Kumbe mfagizi alikuwa amemwagilia maua. Ofisi nzima iliniita Mama Mvua mpaka Krismasi. Mzee Gaspari peke yake hakucheka. Alinishika mkono, akanitoa nje. "Kabla ya kuandika, tazama ardhi. Ardhi iko kavu, mvua ilinyesha ndani ya kopo tu?" Halafu akanifundisha la pili, ambalo nawaachia nyinyi pia: siku isiyo na mvua usiache nafasi tupu kwenye daftari, andika sifuri. Sifuri maana yake ni kwamba ulikwenda ukatazama, na hukukuta kitu. Nafasi tupu haina maana yoyote, na kila atakayeisoma ataijaza kwa anachotaka yeye.

Kwenye daftari nilimtii. Kwenye foni sikumtii, na hilo ni kosa langu mwenyewe, sikutumwa na mtu. Foni za magatini zilitumia betri za magari, betri kuukuu, na ikifika saa moja na dakika tatu sauti zilikuwa zinakufa. Rasi nilizozisoma zilikuwa saba. Nikaona niokoe betri: nitaje tu rasi yenye mawimbi mabaya, isiyotajwa ijulikane ni shwari. Watu wa maboti walipenda. Baada ya mwezi mmoja sikuwa na haja hata ya kusema kimo. Nikitaja jina tu, "Nyabitare," boti zinafungwa.

Mzee Gaspari aliniuliza, "Na siku foni ikiharibika?"

"Hawatasikia sauti yangu," nikamjibu. "Wakikosa sauti, watajua hawana habari."

Alifikiri, akakubali. Sote wawili tulidhani tundu limezibwa. Hakuna aliyefikiria siku ambayo sauti yangu itasikika vizuri kabisa na jina lisitajwe.

Miezi michache baada ya vita kuanza, watu wawili walinifuata nyumbani. Mji ulikuwa umeshaanza kuogopana, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kushukiwa, kwa kuwa wale waliokuwa wakipigana kutoka upande wa Uganda walisemekana kukizungumza. Walinipeleka kwenye chumba chenye meza moja.

"Wewe unasema Kiswahili kwenye foni na nani?"

"Na watu wa maboti."

"Goti ni nini? Kiuno ni nini?" Walikuwa na karatasi, wameandika kila kitu. "Hiyo kode ya siri ni ya nani?"

Nikawaambia ni mawimbi. Mmoja akacheka, yule mwingine akanipiga kofi, halafu wakarudia swali. Nilikaa huko siku mbili. Nilitoka kwa sababu Mzee Gaspari alikuja na madaftari yetu yote kwapani, akasimama kwenye ua wao akieleza habari za goti la Modesti mpaka wakachoka naye. Alistaafu mwaka uliofuata. Mimi nilirudi kazini, lakini kuanzia hapo kila nilipotaka kubonyeza kitufe cha foni nilitazama mlango kwanza. Hofu ile haikunitoka, na sitaki mdhani ilikuwa ndogo.

Mwaka wa tisini na tatu, vita viliposogea na watu wa kaskazini wakaanza kumiminika mjini na magodoro kichwani, ilikuja amri. Habari za upepo na mawingu zisitoke ofisini. Nisome mvua na joto, basi. Na ili amri ifuatwe tuliletewa bwana mmoja mwenye koti la kahawia, ambaye cheo chake hatukuambiwa, akapewa kiti nyuma ya foni. Hakuwa mkali. Alikunywa chai nyingi na kuniuliza habari za watoto.

Nilimwambia mkuu kwamba mawimbi hayapigani vita. Akasema wimbi ni upepo, na upepo ni habari ya ndege za vita. Nikamwambia basi tuwaarifu magatini kwamba hatutaji tena rasi. Akasema kuwaarifu ni kutoa habari pia. Alikuwa na hofu yake, na watoto sita. Nikasubiri kiangazi, majira ya upepo wa kusini, kipite, nikijipa moyo kwamba hawa watu wana macho, wanaona maji.

Ikaja asubuhi ile. Saa kumi na mbili Modesti aliita kama kawaida.

"Kigali, Kigali, Nyabitare hapa. Mwaramutse dada."

"Mwaramutse Modesti. Lete."

"Upepo hakuna. Maji iko ya kifundo, iko safi kabisa. Leo Beata anapanda boti ya saa mbili, ile ya Faustini. Anaenda sokoni, na kabla ya saa sita anarudi."

"Msalimie Beata."

"Yego, nitamwambia."

Beata alikuwa mke wake. Sikuwahi kumwona, lakini niliijua sauti yake, maana siku Modesti alipougua homa yeye ndiye aliyekwenda kwenye mawe na kutupimia. Alitwambia wimbi ni la kiuno, halafu akauliza kama kiuno ni chake au cha Modesti.

Ile boti ilikwenda kwanza kusini, kwenye soko, ndipo irudi na kuizunguka rasi. Saa moja kasoro dakika kumi kituo cha kusini mwa ziwa kilituita. Upepo wa kusini, wa nguvu, tangu kabla ya kupambazuka, na barometa imepanda ghafla. Nilichukua penseli. Hesabu hiyo nilikuwa nimeifanya mara mia: mawimbi yanakua yakija, saa nne au tano yapo Nyabitare, kifua au zaidi, na upepo hauachi mpaka usiku. Modesti pale alipo asingeweza kuyaona. Ndiyo kazi aliyoniachia mimi. Niliandika kwenye karatasi: Nyabitare, kifua, kuanzia saa tano.

Mkuu alikuwa hajafika. Nikamgeukia bwana wa koti.

"Bwana, naomba nitaje jina la rasi moja tu. Upepo sitausema."

Alikuwa anakoroga chai. "Mama, si umesikia amri?"

"Nimesikia."

"Basi soma."

Hakupandisha sauti. Nilibonyeza kitufe, nikasoma mvua hakuna, nikasoma joto la gati moja moja, nikafika mahali ambapo jina lingekaa. Neno moja, vijana wangu. Nilivuta pumzi, nikaliruka. Nikasema taarifa imekwisha.

Modesti akajibu kutoka kule, "Imefika, Kigali. Asante dada, siku njema." Alikuwa yeye mwenye chaki ya gati lao. Baadaye nilijua kwamba aliufuta ubao wote ukawa mweusi mtupu, halafu akamsindikiza mke wake mpaka botini.

Saa sita mchana hakuita. Niliita mimi mara nne na sikupata jibu. Bwana wa koti akaniuliza kwa nini sili, nikamwambia nimefunga.

Kesho yake, saa kumi na mbili, sauti yake ilikuja. Alianza na kazi, kama nilivyomzoeza. Mvua sifuri. Upepo wa kusini, unapungua. Wimbi la kiuno. Halafu nikasikia foni ikikwaruza.

"Dada, jana boti ya Faustini ilipinduka pale inapogeukia. Ilikuwa inarudi kutoka sokoni, imejaa. Mawimbi ilikuwa ya kifua, ilikuwa inanipita mimi hapa. Faustini na wengine wachache waliogelea. Beata hatujamwona."

"Ihangane, Modesti. Jikaze, kaka yangu."

"Dada, nauliza tu. Jana ukisoma, ulikuwa umejua?"

Bwana wa koti alikuwa nyuma yangu. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ni kwa sababu yake. Si kweli. Alikuwa anasoma gazeti, na mtu kusema "nilijua" hakukuwa kumetajwa kwenye amri yoyote. Niliogopa kimya ambacho Modesti angekaa baada ya jibu langu.

"Sikujua," nikasema. "Upepo ulikuja ghafla."

"Ni hivyo niliwaambia hapa. Nikawaambia, dada wa Kigali angejua angesema."

Walimpata Beata siku ya tatu. Modesti alinitajia mahali, halafu akanipa joto la asubuhi.

Lililo baya kuliko yote ni hili. Mnamo Agosti mapatano yalitiwa sahihi, bwana wa koti akaondoka na kiti chake, nasi tukaruhusiwa kusoma mawimbi tena. Nilianza kutaja rasi zote saba kila siku, hata za shwari, betri zife zikitaka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Tangu Agosti hadi Aprili, kila asubuhi saa kumi na mbili, tulikuwa Modesti na mimi peke yetu hewani. Nilikuwa na asubuhi zaidi ya mia mbili za kumwambia. Yeye ndiye aliyekuwa akinifariji. Akisikia sauti yangu nzito alisema, "Dada, usijilaumu, hewa iko ya Mungu." Nami nilijibu, "Asante kaka." Nilijichukia wakati huo, na mpaka leo sijasamehe ule ulimi wangu.

Ya Aprili mwaka wa tisini na nne mnayajua, na kama hamyajui waulizeni wazazi wenu, si daftari la mawimbi litakalowaeleza. Asubuhi ya tarehe saba niliita Nyabitare kutoka ofisini, ambako tulikuwa tumelala kwa kushindwa kutoka. Modesti alijibu. Alisema wimbi ni la kifundo, akauliza Kigali kuna nini. Hatukusikiana tena. Aliuawa kabla ya mwezi kwisha, yeye na watoto wake wawili, na waliofanya hivyo walikuwa majirani zake. Mimi niliokoka na sitaandika hapa nilivyookoka.

Mwaka uliofuata nilikwenda Nyabitare kwa mara ya kwanza maishani. Sikutumwa na ofisi. Nilikuta gati, mawe, ziwa limetulia, na mwanamume mwembamba anauza makaa kwenye magunia. Nilipomsalimu aliinua kichwa upesi.

"Sauti hii naijua. Wewe iko Kigali! Wewe ndiye dada wa foni."

Ndiye alikuwa Faustini, nahodha. Boti aliipata nyingine lakini hakuna aliyekubali kuipanda. Alinipa gunia nikalie, akanisimulia bila kuulizwa.

"Watu wanasema nililewa. Mama, siku ile sikuonja hata kidogo. Nilitazama ubao asubuhi, ubao ilikuwa safi. Nikasema leo ni shwari, nikajaza watu. Miaka miwili nauliza upepo ule ulitoka wapi. Niambie wewe mwenye kusoma hewa. Kuna mtu aliweza kuujua?"

Modesti alikuwa amekufa. Mkuu wangu alikuwa amekufa. Bwana wa koti alikuwa amevuka mpaka, hakuna aliyejua aliko. Palikuwa na mimi na muuza makaa, na jua la saa nane, na mtu huyo alikuwa anaomba neno moja ili arudishiwe jina lake.

"Hakuna aliyeweza kujua," nikamwambia. "Ulikuja ghafla."

Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru. Akanipimia makaa ya bure ya kupeleka nyumbani, nami nikayapokea.

Faustini alifariki mwaka jana, na hata kwenye mazishi, nimesikia, kuna mtu alitaja pombe. Alikuwa mzima wa akili asubuhi ile na aliendesha boti yake vizuri. Ana binti anayeishi Kagugu, hapa hapa Kigali. Nimeandika anwani yake nyuma ya daftari hili, kwa sababu nimeshafika kwenye mlango wake mara mbili na mara mbili nimegeuka. Mpelekeeni nyinyi maneno haya.

Mwambieni nilijua. Saa moja kasoro dakika kumi nilikuwa nimeshajua, na baba yake alikuwa bado hajafungua kamba.